"Ukosefu" au "Upungufu" wa Vitamini D?

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, wafasiri huandika mara "ukosefu", mara "upungufu" wa vitamini D. Maneno haya hayalingani: mchuzi uliopungukiwa chumvi si mchuzi usio na chumvi, kila mpishi ajua. Mgonjwa aliyepandikizwa, arudipo Mbeya au Iringa ambako baridi humvika koti, huonywa pia ajikinge na jua kali, kwani dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo humzidishia hatari ya saratani ya ngozi. Vitamini hupungua, mifupa hudhoofu. Figo ndiyo huiwezesha vitamini hiyo kutenda kazi. Hivyo akisomewa "ukosefu", aweza kudhani figo mpya imekufa. Tunashauri "upungufu", na kiwango kilichopimwa kiandikwe kando yake.