Ndoo Aliyoipiga Teke Nyanya

Kitabu ninachokihakiki leo hakina jina la mwandishi, mwaka wala mchapishaji. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa fotokopi iliyobanwa kwa stepla moja, ikazunguka darasa la nane zima hadi kurasa zikapata rangi ya chai. Nakala ya pili nilitumiwa juzi kwa WhatsApp na binti ya kaka yangu, aliye kidato cha nne. Ni PDF, lakini ni kilekile. Hata makosa ya chapa ninayoyakumbuka yamo. Kati ya nakala hizo mbili imepita miaka zaidi ya 20, na KCPE, mtihani ulioanza 1985 na ambao kijitabu kile kilinuiwa kutupitisha, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Mtihani umezikwa, kijitabu kinadunda.

Mpangilio wake ni rahisi. Kushoto kuna nahau ya Kiingereza, katikati alama ya usawa, kulia maana yake. "Raining cats and dogs" = kunyesha sana. "As poor as a church mouse" = maskini kabisa. "Kick the bucket" = kufa. Hakuna sentensi hata moja ya mfano. Hakuna anayesema, hakuna anayeambiwa. Tulikariri 10 kila jioni, na asubuhi mwalimu aliuliza huku fimbo ikiwa mezani.

Niseme ukweli, kijitabu kilitusaidia. Kiingereza tulikisikia darasani tu, na kwenye redio ya jirani ikiwa betri zipo. Insha ya KCPE ilikuwa ya dakika 40 na alama 40, na shule ya upili utakayoitwa ilitegemea jumla yako. Mtoto mwenye dakika 40 na maneno machache atashika chochote kinachoonekana kama ngazi. Na zipo nahau zilizotuingia bila kukaririwa. "Burning the midnight oil", kwa mfano. Sisi tuliosoma kwa koroboi tulijua mafuta ni nini na usiku wa manane ni nini, na mama alijua bei ya chupa moja. Ile haikuhitaji alama ya usawa. Lakini "as white as snow"? Theluji tuliiona kwenye kalenda.

Lawama yangu basi si kwamba nahau hizi ni za kigeni. Ni ile alama ya usawa. Inadanganya.

Nilipokuwa darasa la nane nyanya yangu alifariki. Wiki chache baadaye tulipewa insha kuhusu siku ya huzuni, nami nikaandika juu yake. Niliandika kwamba alfajiri shangazi aliingia jikoni akiwa hana viatu, akasema nyanya "had kicked the bucket". Mwalimu aliweka tiki nyekundu juu ya maneno hayo, akanipa 36, akasoma insha mbele ya darasa. Nilienda nyumbani nikipepea. Mama, aliyesomea Kiingereza chake kwa shida na kwa hiyo akakiheshimu, alisoma daftari hadi akafika pale, akanitazama. "Ndoo gani hiyo nyanya yako aliipiga teke?" Sikuwa na jibu. Hakunigombeza. Alifunga daftari, akarudi kwenye mboga zake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nilipojua kwamba Waingereza hutumia maneno yale kwa mzaha. Hakuna mfiwa anayeambiwa hivyo. Na aibu yenyewe ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshanifundisha jambo hilo. Vitabu vyetu vya nahau navyo huandika kukata kamba, kuaga dunia, kuipa dunia kisogo, kwenda jongomeo, zote mstari mmoja, zote kufa. Lakini hebu nenda matangani useme, "Poleni, nimesikia mzee amekata kamba." Utatolewa nje kabla ya chai. Hilo hatukukariri popote. Tulilipata kwa kukaa mikekani na watu wazima, tukisikiliza nani anasema nini na kwa sauti gani.

Tena Insha ya Kiswahili haikuwa nafuu. Kila mtoto alidamka kabla ya majogoo, akatoka shoti, moyo ukamdunda kama ngoma, machozi yakamtiririka njia mbilimbili. Ukisoma insha 30 ungedhani ni mtoto mmoja mwenye matatizo mengi. George Orwell, katika insha yake ya 1946 "Politics and the English Language", aliwasihi wenzake waache tamathali walizozoea kuziona zimechapishwa. Kwetu ndizo zilizoleta alama.

Nilimwomba binti ya kaka anitumie na insha yake moja, kwa kuwa karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE bado inadai insha ya kubuni. Alipiga picha kurasa mbili. Katikati ya jua linalong'aa na ndege wanaoimba palikuwa na sentensi moja kavu: baba yake anahesabu noti za karo mezani, anamaliza, anazigeuza, anazihesabu upya kana kwamba zingeongezeka. Pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu kwamba hapo paongezwe misemo.

Nilimpigia simu. Nikamwambia ile ndiyo sentensi niliyoisoma mara tatu.

"Hata mimi naipenda, shangazi," akasema. "Lakini nimeshaitoa. Nimeweka panya wa kanisa."

Nikamuuliza kama ameifuta kabisa. Akasema hapana, iko nyuma ya daftari, pale anapoandika vitu vyake.