Haiku na Matukio ya Wakati
Wako wanaodai kwamba haiku, shairi la Kijapani la mizani 17, ni la maua na mwezi tu, wala halihusiani na siasa. Historia yakanusha dai hilo. Japani ilipoivamia China mwaka 1937, washairi wa mkondo mpya, kama Saitō Sanki, walichota maudhui katika habari za vita. Mwaka 1940 dola ya kibeberu ikawakamata, yeye na wenzake wa jarida la Kyōdai Haiku. Dola haiogopi maua!

Lakini tusijidanganye: kaulimbiu iliyokatwa vipande vitatu si haiku. Tunasema tukio halina budi kuonekana katika kitu kimoja kinachoshikika. Hapo ndipo msomaji huufikia ukweli mwenyewe, bila kuhubiriwa.