Shujaa na Jamaa Zake: Son Goku Mbele ya Fumo Liyongo

Filamu za katuni za Kijapani zina watazamaji wengi miongoni mwa vijana wa Afrika Mashariki. Ni rahisi mhakiki kuzipuuza kuwa ni mchezo wa watoto. Hata hivyo, dhamira yake moja yastahili kupimwa kwa mizani ya fasihi simulizi, nayo ni ile ya shujaa kugeuka umbo na kuongezewa nguvu kwa ajili ya wale awapendao.

Katika Dragon Ball, kazi ya Akira Toriyama iliyochapwa kati ya 1984 na 1995, Goku anageuka nywele zake kuwa za dhahabu baada ya Frieza kumwua rafiki yake, Krillin. Baadaye mwanawe, Gohan, anamshinda Cell akitiwa nguvu na sauti ya babaye aliyekwisha kufa.

Jambo hili halitakuwa geni kwa msikilizaji wa Kabati, katika Ukambani ya Kitui. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alieleza katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba marehemu hajatoweka maadamu wapo jamaa wanaomkumbuka kwa jina. Kwa fikra hiyo, sauti ya baba yake Gohan si muujiza. Ni ujamaa unaoendelea.

Lakini Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, unakwenda mbali zaidi. Liyongo akiwa kifungoni, mama yake anamtilia tupa ndani ya mkate wa wishwa, naye kijakazi Saada anaupeleka. Walinzi wanaudharau mkate ule. Liyongo anakata minyororo huku kelele za ngoma zikiificha sauti ya tupa. Hapa mapenzi hayambadilishi shujaa umbo; yanampa chombo, na kazi anaifanya mwenyewe.

Tena, anayejua siri ya mwili wake ni mwanawe, na ndiye anayemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anakufa amepiga magoti kisimani, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji mpaka mama yake anapokuja kumbembeleza. Jamaa ndio waliomwokoa, na jamaa ndiye aliyemwua.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa Toriyama. Kwake mapenzi ni kuni tu za kuchochea moto wa vita. Isitoshe, Krillin anafufuliwa, na majonzi yaliyomgeuza Goku yanapungua uzito. Liyongo harudi.

Basi mwalimu wa fasihi aliye Kabati hana haja ya kuzikemea katuni hizo. Na aziweke kando ya utendi, kisha awaulize wanafunzi swali ambalo Goku haulizwi: yule akupaye nguvu, anajua nini juu ya kitovu chako?