Flana kwenye nyasi za reli

Nyuma ya maghala ya Industrial Area jijini Nairobi kuna ukanda wa nyasi kando ya reli, mbuzi wa mtaa wa Mukuru hulishwa pale. Nilishinda hapo asubuhi moja na mzee aliyestaafu kutoka maabara ya mifugo, akijaribu mitego ya kupe. Sijaona kazi ya mikono yenye adabu kama ile.

Kwanza alingoja umande ukauke. Kitambaa kikilowa hakinasi kitu. Kisha akakunjua flana nyeupe ya mita moja kila upande, fito juu, vyuma vidogo upindoni ili ilale nyasini. Anaikokota hatua kumi, anasimama, anapiga goti, anaigeuza. Nilipoikokota mimi nilipata kupe mmoja tu.

"Kijana, unakimbia," akaniambia. "Kitambaa kinapita kabla hajakishika."

Kupe wa masikio, anayeeneza ndigana kali ya ng'ombe na ule ugonjwa wa kondoo uliotambuliwa mwaka 1910 ukaitwa jina la Nairobi, hamfukuzi mnyama. Hupanda ncha ya jani akamvizia. Mzee alinionyesha mmoja: kahawia, sawa na punje ya ufuta, miguu ya mbele ameinyoosha hewani kama mtoto anayetaka kubebwa. Kwenye miguu hiyo ndiko kiliko kiungo chake cha kunusa. Mzee akampulizia pumzi taratibu, na miguu ikaanza kupapasa huku na huku.

Alijaribu pia marekani badala ya flana. Ni rahisi dukani, lakini haina manyoya ya kushikika, na kupe wakateleza. Mtego wa tatu ulikuwa chupa ya maji ya uvuguvugu, sukari na hamira, juu ya kitambaa kilichopakwa gundi pembeni. Hamira hutoa hewa ileile tunayoitoa tukipumua. Saa nzima, hakuja hata mmoja. Mzee aliandika sufuri kwa mwandiko uleule mzuri. Mtego huo unamfaa zaidi kupe wa madoadoa wa kule Kajiado, anayetembea ardhini kuifuata pumzi. Na papasi, kupe wa nyufa za nyumba za udongo, flana haimfikii kabisa.

Alipomaliza alikagua soksi, alikochomeka suruali. Akamkuta mmoja zaidi. Hakumtia kwenye chupa ya kupe wa flana. Alimtafutia chupa yake ya spiriti, akaandika juu yake: soksi.