Mbio za Susi: taharuki ilivyosukwa Ujiji

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kutafuta kilele cha hadithi, na katika kisa cha mwandishi wa habari Stanley kumkuta Daktari Livingstone pale Ujiji, kando ya ziwa, mwaka 1871, wengi hukimbilia ile salamu maarufu ya Stanley kwake. Kwa maoni yangu, salamu inapofika, kazi kubwa ya msimulizi imekwisha. Katika kitabu chake cha mwaka 1872, Stanley anaushusha msafara kuelekea ziwani, bunduki zikilia, bendera ya Marekani mbele. Watu wanafurika. Ghafla sauti inamsalimu kwa Kiingereza: ni Susi, mtumishi wa Livingstone. Susi anatimka kumwarifu bwana wake, kisha anarudi mbio kuuliza jina la mgeni, maana daktari haamini na yeye hakuwa na jina la kumtajia. Mbio hizo za pili hazitupi habari mpya, zinatucheleweshea tu. Msomaji anasimamishwa hatua chache kutoka kwa mtu anayetafutwa tangu kurasa za kwanza, na hapo ndipo taharuki inapopanda.

Mtu atapinga kwamba hii ni ripoti ya mwandishi wa habari, si bunilizi, na kwamba Stanley alieleza mambo kama yalivyotokea. Lakini Livingstone naye aliandika habari hiyo hiyo katika shajara yake. Kwake Susi anakuja mbio mara moja, bendera inatambulisha taifa la mgeni, na salamu haimo kabisa. Hata tarehe zinapishana: Stanley anataja Novemba 10, Livingstone yuko Oktoba. Tena, katika shajara ya Stanley kurasa za mkutano huo zimechanwa, na mwanahistoria Tim Jeal anatia shaka kama salamu ile ilitamkwa kamwe. Tukio ni moja, misuko ni miwili. Kilichoitofautisha ni uteuzi na mpangilio, ambao mwandishi wa ripoti haukwepi.

Lipo pia suala la nafsi, yaani nani anasimulia. Shahidi husimulia alichokiona, ni kweli, ila siku ile Susi alikuwa pande zote mbili, njiani kwa mgeni na nyumbani kwa daktari. Angesimulia yeye, taharuki ya Stanley ingekufa, kwa kuwa alijua tangu asubuhi kwamba daktari yu hai. Hadithi ingehitaji swali jingine, kwamba mgeni huyu amefuata nini. Mwaka 1874 Susi na mtumishi mwenzake Chuma walikwenda Uingereza wakamsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za Livingstone. Maelezo yao yaliingia kitabuni, lakini nafsi ya kwanza ilibaki ya bwana wao.