Mizani Kumi na Mbili

Paradimethylaminobenzaldehyde. Herufi 29, hakuna pa kupumulia. Mwanafunzi wa maabara hukutana na jina hili la kemikali kwenye kibandiko cha chupa, akaanza vizuri, akafika katikati ulimi ukamkwama.

Sasa msikilize anayelijua: PA-ra-dai, ME-thi-la, MI-no-ben, ZAL-di-haid. Silabi 12, mapigo manne, kila pigo silabi moja nzito na mbili nyepesi zikiifuata. Gonga meza kwa kiganja huku ukilitamka. Mwendo ni wa ngoma kabisa. Isaac Asimov, mwandishi wa Marekani aliyekuwa pia mwanabiokemia, aliligundua hilo: jina hili linaimbika kwa lahani ya *The Irish Washerwoman*, wimbo wa kale wa dansi. Mwaka 1963 aliliandikia insha.

Ninachokipenda zaidi ni viungo vyake. Mkemia hulikata para, di, methyl, amino, benzaldehyde, na kila kipande kina kazi: para inaeleza kuwa vikundi viwili vimekaa pande zinazotazamana za pete ya benzini, di kwamba methili ni mbili, amino kwamba naitrojeni ipo. Ulimi haukati hapo. Ile *a* ya amino inarukia pigo la methyl. *Z* ya benz inahamia kwa *al*. Jina moja, mishono miwili, na fundi wa kulitamka huishika yote kwa pumzi moja: akilini maana, mdomoni mapigo.

Sisi tunaosema Kiswahili tungepaswa kuuona ufundi huu upesi kuliko wengi. *Nitakapokupikia* ni neno moja lenye viungo tele, na mizani zake nane zinatosha mshororo mzima wa utenzi. Kinachotuponza ni mkazo. Kiswahili huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunapita mbio juu ya kila kitu tukiutafuta mwisho. Kiingereza hakina kituo kimoja cha mkazo. Katika neno refu mikazo husambaa, na asiyeisikia atazitaja herufi zote sawasawa bila kueleweka.

Na kemikali yenyewe yenye jina hili? Imo katika kitendanishi cha Kovács, cha kupimia bakteria. Matone machache juu ya bakteria waliooteshwa, na kama wametengeneza kemikali iitwayo indoli, juu kunatokea pete nyekundu.

Mwalimu wa kemia, kabla hujaliandika ubaoni, lipigie makofi manne darasa likusikie.