Amri ya Tisa na Watu Wazima

Mzee mmoja alikaa mbele yangu siku ya Alhamisi, kofia ameiweka gotini, katika darasa la wanaorudi kundini. Ilikuwa katika usharika mmoja wa milimani niliowahi kuutumikia kabla sijafika huku Bombo. Alikuwa amekaa nje ya Meza ya Bwana miaka kumi na minane kwa sababu aliishi na mama watoto wake bila ndoa ya kanisani. Sasa binti yao wa mwisho alikuwa karibu kufunga ndoa, naye mzee aliona aibu kukaa benchi la nyuma siku ambayo mwanawe anasimama madhabahuni. Tulikuwa tumefika kwenye Amri Kumi. Nilipomaliza kueleza amri ya tisa alinyamaza kitambo, akaigeuza kofia yake, kisha akaniuliza, "Mchungaji, kwa hiyo kama nisingekosea, haya nisingefundishwa?"

Nilimjibu kama wachungaji tunavyojibu tukibanwa: nikasema tumshukuru Mungu kwa wakati wake. Nimekuwa nikilibeba swali hilo tangu siku ile, na insha hii ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi.

Hebu tuhesabu, wapendwa, ni lini mtu mzima anafundishwa imani katika sharika zetu. Anafundishwa akitaka kubatizwa ukubwani. Anafundishwa kidogo akitaka kufunga ndoa, na kidogo zaidi akimleta mtoto kwenye ubatizo. Anafundishwa akirudi kundini. Angalieni milango hiyo yote: mtu anaingia ama kwa sababu anahitaji cheti, ama kwa sababu ametubu kosa. Mama aliyeingizwa kipaimara akiwa na miaka kumi na mitano, akaolewa kwa taratibu, akatoa ahadi yake kila mwaka, akalea na wajukuu, anaweza kufikisha miaka sabini bila mtu yeyote kumketisha na kumwuliza, "Mama, unaamini nini sasa hivi, na unaona nini kigumu?" Anasikia mahubiri, ndiyo. Lakini katika mahubiri hakuna anayenyoosha mkono. Nahubiri kila Jumapili na naipenda kazi hiyo, ila najua kuwa kusikiliza dakika thelathini si sawa na kufundishwa.

Nitaambiwa: kwani jumuiya zipo kwa ajili gani? Swali zuri, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Jumuiya zetu ni zawadi kubwa. Mtu akiugua ni jumuiya inayojua kwanza. Msiba ukitokea, kabla mchungaji hajapata habari, kuni zimeshafika na sufuria zimeshainjikwa. Hilo si jambo dogo, na kuna makanisa makubwa duniani yangelipa fedha nyingi kulipata. Lakini fuateni ibada moja ya jumuiya mpaka mwisho mwone wakati unakwenda wapi. Wimbo, sala, neno limesomwa kutoka kwenye kalenda, aliyepangiwa zamu amelieleza dakika kumi, mara nyingi kwa kurudia alichosikia Jumapili. Halafu sadaka. Halafu matangazo: mchango wa ujenzi, mchango wa harusi, mchango wa gari la kwaya, nani hajamaliza, nani ameanza. Nimewahi kukaa katika ibada ambayo Neno lilipewa robo saa na michango ikapewa saa moja na nusu, na katika ile saa moja na nusu watu walikuwa macho zaidi. Wala siwalaumu. Pale kwenye michango kila mtu alikuwa na la kusema, kila mtu alihesabiwa kuwa mtu mzima. Kwenye Neno walikuwa wanafunzi tu.

Wanaume wengi hata hawafiki. Wanasema jumuiya ni ya akina mama. Nikiwauliza wanaume huko nje kwa nini, hawasemi hawana imani. Wanasema hakuna mazungumzo.

Sasa nirudi kwenye amri ya tisa. Katekisimo Ndogo ambayo watoto wetu wanaikariri, Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya kuzunguka sharika za Saxony na kurudi amefadhaika kwa jinsi watu na wachungaji wao walivyokuwa hawajui kitu. Tunasahau aliiandika kwa nani. Juu ya kila sehemu kuu aliweka maelezo kwamba haya ndiyo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Kwa hiyo wa kwanza kuyashika alikuwa mtu mzima, mwenye nyumba, mwenye watumishi, mwenye madeni. Naye Luther mwenyewe, daktari wa theolojia, alikiri katika utangulizi wa Katekisimo Kubwa kwamba kila siku anaisoma na kuisema kama mtoto, na bado hajaimaliza.

Basi amri ya tisa, ile inayokataza kutamani nyumba ya jirani. Luther akiieleza hazungumzii macho ya tamaa tu. Anazungumzia mtu anayetafuta urithi wa mwenzake kwa hila, na anayejipatia mali ya mwenzake huku akijionyesha kuwa ana haki kisheria. Somo hilo tunampa mtoto wa miaka kumi na minne ambaye mali yake yote ni begi la shule. Analikariri, anajibu mbele ya wazee wa kanisa bila kukosea, anavaa nguo mpya, anapigwa picha. Miaka ishirini baadaye baba yake anafariki, mpaka wa shamba unaanza kutembea usiku, ndugu wanaanza kutafuta mashahidi, na wakati huo ambapo maneno yale yangefanya kazi yake, hakuna anayeyafungua tena. Tumewapa watoto dawa ya ugonjwa ambao hawajaupata, na wanapougua tunawaambia walishamaliza dozi.

Watanzania wenzetu wanatutania Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku. Tunacheka pamoja nao, na mimi pia huusimulia utani huo nikiwa ugenini. Lakini kila mchungaji aliyetumika Same amewahi kuona ndugu wawili wa tumbo moja wanaokunywa kikombe kimoja cha Bwana Jumapili na kuonana barazani Jumatatu. Mbele ya jambo hilo, usharika usio na mahali pa watu wazima kusoma amri ya tisa kwa sauti umepungukiwa na kitu cha lazima.

Majirani zetu wanafanyaje? Niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Wasabato walifika Pare Kusini mwaka 1903, na tangu hapo milima hii tumeishi nayo pamoja, tumeoana, tumezikana. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya mahubiri, watu wazima wao wanakaa vikundi vikundi katika Shule ya Sabato. Kila mmoja ana lesoni ya robo mwaka, ameshaipitia siku kwa siku nyumbani, na mwalimu wa kikundi si mchungaji bali ni mshiriki mwenzao. Bibi wa Kisabato ukimkuta kijijini anakutafutia andiko kwenye Biblia kabla hujavaa miwani. Mimi sikubaliani nao juu ya Sabato, wala sijaandika haya kuwaalika mhame. Ila tumezoea kusema kwamba wao wanajua maandiko kwa sababu wanapenda kubishana. Sivyo. Wanayajua kwa sababu hawana siku ya kuhitimu.

Ndugu zetu Waanglikana nao wametupa la kujifunza. Mwaka 2002 Dayosisi yao ya Mount Kilimanjaro, yenye makao Arusha, iliandaliwa kozi ya uanafunzi iitwayo Rooted in Jesus, maana yake kuwa na mizizi ndani ya Yesu, kwa kufuata lile neno la Paulo kwa Wakolosai sura ya pili. Tangu hapo imekwenda katika nchi nyingine za Afrika. Nguvu yake ni udogo wake: kikundi kidogo, kiongozi aliyeandaliwa, maswali ya kuzungumza, mstari wa kukariri, kuombeana papo hapo. Haimdai mtu awe msomi. Anayeitazama aone jinsi ilivyomwamini mshiriki wa kawaida kwamba anaweza kumlea mwenzake, jambo ambalo sisi Walutheri, pamoja na kuimba kwetu juu ya ukuhani wa waamini wote, tunalisita. Shaka yangu ni moja, nayo ni juu ya kozi yoyote ile: kozi ina kitabu cha mwisho. Na ninaogopa tukiileta huku kwetu tutaipangia mahafali, na suti, na mgeni rasmi, na mchango wa mahafali.

Wapo waliojaribu njia nyingine hapa karibu. Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig alifika Kilimanjaro mwaka 1902, na utumishi wake mrefu, mpaka 1938, unakumbukwa zaidi Old Moshi. Aliona kwamba Wachaga walikuwa na namna yao ya kuwafunga vijana wa rika pamoja, akaichukua akaiingiza katika kipaimara: vijana waliwekwa katika vikundi vidogo vya kuchukuliana, si mpaka siku ya kipaimara tu bali maishani. Tukisoma vyuoni tunamsifu sana Gutmann, na kwa hilo namsifu. Aliona kwamba imani ya mtu inashikiliwa na watu wawili watatu wanaomjua. Lakini kuna kosa katika mapenzi yake. Aliupenda ukoo, rika na ujirani kiasi cha kuviona kama nguzo zisizohama, na akaiogopa miji na fedha. Sasa leteni mawazo hayo Bombo ya leo. Watoto wangu wa kipaimara wa miaka mitano iliyopita wako Dar es Salaam, wako Arusha, mmoja ananiandikia kwa simu kutoka machimboni Mererani. Na jumuiya yangu ina mwalimu aliyehamishiwa hapa, ina mkwe aliyeolewa kutoka mbali, ina kijana wa bodaboda asiye na ukoo upande huu wa mlima. Ukoo peke yake hautawabeba hawa. Tena ukoo ndio mara nyingi ulioanzisha ile kesi ya shamba.

Kilicho karibu zaidi na ninachokitafuta tunacho wenyewe, nacho si cha kanisa. Ni ndiva. Wasomaji wa mahali pengine wajue kwamba ndiva ni bwawa la kienyeji la kukusanya maji ya mlimani usiku ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani. Likijaa tope hupigwa msaragambo, watu wanatoka na majembe. Hakuna darasa la ndiva. Kijana anakwenda na baba yake, anapewa jembe, anasikia wazee wanabishana juu ya zamu ya maji na nani aliiba usiku, na pole pole anajua sheria yote ya maji pamoja na sababu zake. Mzee wa miaka themanini bado anakuja, hata kama ni kukaa ukingoni na kukosoa. Hakuna anayehitimu ndiva.

Mwaka jana, baada ya mavuno, nilijaribu jambo hili katika jumuiya moja. Nilifanya makosa, ndiyo maana nalisimulia. Niliwaomba wazee wa kanisa matangazo ya michango yasomwe kanisani Jumapili, yasije kwenye jumuiya kwa Jumatano nne tu. Walikubali kwa shida. Jumatano ya kwanza tulisoma amri ya tisa na maelezo yake, nikauliza maswali, kukawa kimya. Watu wazima waliosoma kwa kukariri wanaogopa swali kama mtihani. Ya pili mama mmoja mjane alisema, akitazama chini, kwamba yeye maneno haya anayajua kutoka upande wa aliyenyang'anywa. Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja. Ya tatu wanaume walikuja, tisa kwa hesabu yangu, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kuwa kwa Mchungaji kunazungumzwa mashamba. Tulikaa mpaka makande yakapoa, na kwa mara ya kwanza nikasikia mwenye nyumba mmoja akimweleza mwenzake maana ya kumsaidia jirani atunze kilicho chake, kwa mfano wa mfereji, vizuri kuliko nilivyoeleza mimi.

Ya nne niliharibu. Nilidhani tumeiva, nikauliza kama kuna mpaka wowote hapa kijijini ambao tunaweza kwenda kuutazama pamoja. Shemeji wa yule mjane alisimama, akasema kanisa si baraza la ardhi, akatoka. Wawili wakamfuata. Nilijilaumu njia nzima kurudi nyumbani, na mzee wa kanisa niliyekuwa naye hakunifariji. Alisema tu, "Mchungaji, umefungua maji kabla ndiva haijajaa."

Zile Jumatano nne ziliisha, na nilitegemea michango irudi. Wenyewe wakaomba tuendelee. Jumatano ya tano nilipofika nilimkuta shemeji yule ameketi uani kwenye kigoda, karibu na mlango, akimenya muwa. Nilimsalimu, akaitikia. Hakuingia. Tulipofika kwenye kusoma, mwenye nyumba alimwambia binti aliyeshika katekisimo asome kwa sauti kubwa kidogo.